SOMO LA MAJI: TOPE LA MTO LINAFANYA KAZI GANI?



Ukikanyaga ukingoni mwa ziwa Nakivale, pale mafunjo yanapoota, mguu unazama katika tope jeusi na harufu ya yai bovu inapanda. Wengi wetu hatulipendi tope lile. Lakini linatufanyia kazi kubwa, na inafaa uijue kabla hujaamua kulima pale.

Tuanze na mto. Rwizi unaanzia katika vilima vya Buhweju, unapita Mbarara, ambako watu wa mji wanakunywa maji yake, kisha unashuka mashariki kwenye vinamasi na maziwa ya Mburo na Nakivale. Njiani unapokea samadi ya ng'ombe, maji machafu ya mji, na udongo wa mashamba yaliyolimwa hadi kingoni. Ndani ya uchafu huo kuna nitrojeni. Nitrojeni peke yake si adui: hewa unayovuta ni nitrojeni kwa sehemu 78 katika kila 100, na mahindi hayakui bila nitrojeni. Shida inaanza ikigeuka kuwa nitrati na kuyeyuka katika maji. Nitrati haina rangi wala harufu, huwezi kuiona ndani ya jerikani.

Anayeumia kwanza ni mtoto mchanga, hasa wa chini ya miezi 6. Nitrati ikiingia mwilini mwake inaizuia damu kubeba hewa safi. Midomo na kucha zinageuka kuwa za bluu, na anaweza kufa. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 50 za nitrati katika lita moja. Hapa usikosee: kuchemsha maji kunaua vijidudu, lakini hakuondoi nitrati. Ukichemsha muda mrefu, maji yanapungua sufuriani na nitrati inabaki yote. Dawa ya klorini nayo haiiondoi.

Sasa turudi kwenye tope. Juu kabisa kuna tabaka jembamba linalopata hewa. Humo vijidudu vinageuza uchafu wa mkojo na samadi kuwa nitrati. Chini yake hakuna hewa, ndiyo maana tope ni jeusi na linanuka. Vijidudu vya huko chini, kwa kukosa hewa, vinatumia nitrati badala yake, na kuigeuza kuwa nitrojeni ya kawaida inayopanda kama mapovu madogo na kurudi angani. Yaani uchafu unatoka majini bila mtu kulipwa. Ila vijidudu hivyo vinahitaji chakula, ambacho ni majani na mizizi iliyooza, na maji yapite polepole. Mafunjo yanaleta yote mawili. Mchanga mtupu hauwezi sana: maji yanapita upesi, hewa inaingia, chakula hakuna. Kwa hiyo anayefyeka mafunjo apande nyanya anapata nyanya za msimu mmoja au miwili, na sisi wote tunapoteza chujio.

Katika nchi kavu kama hii yetu ya Isingiro kuna jambo jingine. Vijito vingi hukauka kiangazi. Tope likikauka na kupasuka, hewa inaingia ndani, kazi ya kuondoa nitrati inasimama, na nitrati inajilundika pamoja na samadi ya ng'ombe waliopita hapo. Mvua ya kwanza ikinyesha, yote inasombwa kwa pamoja. Mtaalamu H. F. Birch, aliyefanya kazi Muguga nchini Kenya, alionyesha katika miaka ya 1950 kwamba udongo uliokauka ukiloweshwa hutoa nitrojeni kwa wingi ghafla. Wakulima wa zamani hawakumsubiri. Waliopanda mapema, kabla ya mvua ya kwanza, walijua kwamba mahindi yao yangekuwa ya kijani zaidi. Shambani ni baraka. Kisimani ni hatari.

Basi maji ya mafuriko ya kwanza, Machi na Septemba, usiyachote kwa kunywa. Kama unachimba kidimbwi katika mchanga wa kijito, kichimbe juu ya mahali ng'ombe wanaponyweshwa, si chini yake. Choo kiwe mita 30 au zaidi kutoka mahali pa kuchota, na sakafu ya shimo iwe angalau mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini. Karibu na ziwa, ambako maji yako juu, shimo refu si sifa. Heri choo kilichoinuliwa.

Mama mwenye mtoto wa chini ya miezi 6, mnyonyeshe maziwa yako tu, bila maji. Kama huwezi kunyonyesha, nenda kituo cha afya uelezwe, na usikoroge maziwa ya unga kwa maji ya kidimbwi kilicho karibu na vyoo au zizi, hata yakiwa meupe na yamechemshwa. Ukiona midomo ya mtoto ni ya bluu, mpeleke mara moja, na umwambie muuguzi ni maji gani aliyokunywa.