SOMO LA MWEZI HUU: ITHIBATI YA CHUO NI NINI?

Wanachama wetu,

Msimu wa karafuu unapomalizika, na fedha zimo mkononi, ndipo wazazi wengi wanapokuja ofisini kwetu kuuliza habari za vyuo. Siku hizi baadhi ya vyuo hivyo havina hata jengo la kwenda kulitazama. Mwanafunzi husoma kwa mtandao, naye yumo nyumbani kwao Wete au Mkoani. Kwa hivyo tumeona yafaa somo letu liwe juu ya neno moja, nalo ni ithibati.

Ithibati ni ushahidi wa chombo chenye mamlaka kwamba chuo kimekaguliwa, na mafunzo yake yamefikia kiwango kinachotakiwa. Kwetu wakulima jambo hili si geni. Kila mmoja wetu akipeleka karafuu kituoni huziona zake ni za daraja la kwanza. Lakini daraja halitolewi na mwenye gunia. Hutolewa na mpimaji, baada ya kutazama kama zimekauka, na kama zimechanganyika na makonyo au mpeta. Chuo nacho ni hivyo hivyo: hakijipi daraja chenyewe.

Hapa kwetu skuli husajiliwa na Wizara ya Elimu ya Zanzibar. Vyuo vya ufundi, vitoavyo vyeti na stashahada, viko chini ya baraza liitwalo NACTVET. Vyuo vikuu vya Bara na Visiwani husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, iliyoanzishwa mwaka 2005.

Nasi hatuyasemi haya kwa kumsuta mtu. Miaka michache iliyopita mwenzetu mmoja alituletea karatasi za chuo cha nchi za nje, akaomba mkopo wa chama amsomeshe binti yake kwa mtandao. Karatasi zile zilikuwa na mihuri minne, na mmoja ulisema chuo kina ithibati ya baraza la kimataifa. Tuliihesabu mihuri, tukaupitisha mkopo; hatukuuliza baraza lile ni la nani. Binti alisoma miaka miwili. Alipokwenda kuomba kazi, aliambiwa cheti chake hakitambuliwi. Mzee wake alililipa deni lile kwa mavuno ya misimu mitatu. Kosa lilikuwa letu pamoja naye.

Wala si sisi peke yetu. Mwezi wa Mei, 2015, gazeti la New York Times lilieleza habari za kampuni ya Axact ya Karachi, Pakistan, na mamia ya tovuti za vyuo visivyokuwapo. Tena zilikuwamo tovuti za mabaraza ya ithibati ya kubuni, ili mwenye kuuliza apate jibu la kumridhisha. Basi haitoshi kuuliza, "Mna ithibati?" Hapana budi kuuliza, "Mmepewa na nani, naye kapewa na nani mamlaka hayo?"

Tusije tukafahamu kwamba kusoma kwa mtandao ndiko kubaya. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria mwaka 1992 ili kusomesha watu walioko mbali, na shahada zake ni shahada kamili.

Kabla ya kulipa, mzazi na afanye haya:

1. Aulize jina la chombo kilichotoa ithibati, kisha akitafute mwenyewe. Asipitie njia atakayoonyeshwa na chuo.

2. Atazame kozi yenyewe. Chuo chaweza kuwa na ithibati, na kozi moja isiwe nayo.

3. Kama chuo ni cha nje, aulize kama kinatambuliwa na serikali ya kwao. Tena aulize TCU kama shahada yake itakubaliwa hapa.

4. Akiahidiwa shahada kwa wiki chache, au kwa sababu ya umri na uzoefu tu, aondoke.

Ofisi yetu sasa haipitishi mkopo wa masomo mpaka hayo ya kwanza matatu yamejibiwa kwa maandishi. Mwanachama asiyejua pa kuanzia na aje na karatasi zake, tutazitazama pamoja. Mkarafuu hungojewa miaka mingi kabla ya kuzaa. Mtoto naye hungojewa vivyo hivyo, na miaka yake ikipotea hairudi.

Wabillahi tawfiq.

Katibu