Dakika Tatu za Kipaza Sauti

Wengi wetu hatutahutubia uwanja mzima hata siku moja. Tutakachopewa ni dakika tatu: kwenye kikao cha wazazi shuleni, msibani kwa niaba ya ukoo, au ukumbini pale mshereheshaji anapomwita baba mdogo wa bibi harusi aseme neno. Niliwahi kumsikiliza mama mmoja mwenye hoja nzito kuhusu choo cha wasichana kisicho na mlango. Alianza kwa kuwashukuru wote waliokaa meza kuu, mmoja mmoja na cheo chake. Alipofika kwenye choo, mwenyekiti alikuwa ameshasimama kumkatisha. Iliniuma, kwa sababu alichokuja kukisema kilikuwa kizito kuliko yote yaliyosemwa siku ile.

Kwa hiyo kabla hujashika kalamu, jiulize: wakishatawanyika, nataka wafanye nini? Jibu liwe sentensi moja ambayo aliyehudhuria anaweza kumsimulia jirani ambaye hakuja. "Choo cha wasichana kiwekewe mlango kabla shule haijafunguliwa" ni sentensi ya namna hiyo. "Nilitaka kugusia suala la mazingira ya shule" siyo. Hapo hakuna wa kukubali wala wa kukataa. Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuivamia Kagera, Mwalimu Nyerere aliwaeleza Watanzania kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga vilikuwepo. Mambo matatu, kwa maneno ambayo hata mtoto aliyabeba hadi nyumbani, na wazee wanayarudia mpaka leo. Nyerere alikuwa mwalimu wa darasani kabla ya siasa, na naamini ndiko alikojifunza kwamba kisichoshikika hakifundishiki.

Sentensi yako iseme mapema. Itifaki ina heshima yake, lakini ukiwa msemaji wa nne, "itifaki imezingatiwa" inatosha. Kisha toa mfano mmoja ulioushuhudia mwenyewe, taja unachoomba, na kaa chini. Msibani usiache yale ambayo watu wanahitaji kuyajua: saa ya mazishi, na kama kuna anayemdai marehemu, amwone nani katika familia. Wasifu mrefu wa marehemu mwachie aliyepangiwa kuusoma.

Sasa mazoezi, na hapa ndipo wengi wetu tunajidanganya. Kuisoma hotuba kimoyomoyo si mazoezi. Isimulie kwa sauti, ukiwa umesimama, huku saa ya simu ikihesabu. Kwa mwendo wa utulivu, dakika tatu hubeba maneno kama 300 tu. Utashangaa jinsi yanavyokwisha upesi. Mara ya kwanza utakwama, na pale ulipokwama ndipo hujapaelewa vizuri, au umeweka neno ambalo si lako. Libadilishe kwa neno unalolitumia sokoni. Rudia mara tatu, mara ya mwisho mbele ya mtu wa nyumbani, na usimwulize kama umezungumza vizuri. Mwulize, "Nimeomba nini?" Akishindwa kujibu, rudi kwenye ile sentensi.

Usikariri yote. Sentensi mbili za mwanzo na ya mwisho zikikaa kichwani, katikati patajipanga kwa vidokezo vinne vitano. Viandike kwenye kadi ngumu, kwa herufi kubwa. Karatasi nyepesi hutetemeka pamoja na mkono, na ukiiona inatetemeka hofu inazidi.

Hofu yenyewe ni ya kawaida, hata kwa waliozoea. Moyo unaenda mbio na mate yanakauka kwa sababu mwili umejiandaa kwa jambo zito. Kunywa maji kidogo kabla ya kuitwa. Ukishasimama, kanyaga vizuri kwa miguu yote miwili, toa pumzi polepole, tazama uso mmoja wa mtu anayekusikiliza, halafu anza. Baadaye hamia uso mwingine upande wa pili, ili waliokaa pembeni nao wajue unazungumza nao.

Kipaza sauti kishike karibu na kidevu, usikipulize, wala usisimame mbele ya spika, maana kitapiga mluzi na watu watashika masikio. Umeme ukikatika, usipige kelele; wasogelee watu na upunguze kasi. Usimeze maneno ya mwisho wa sentensi. "Mchango ni elfu tatu" ikififia mwishoni, nusu ya kikao watasikia elfu tano, na ugomvi utaanza wiki ijayo. Tarakimu, siku na saa zitaje mara mbili.

Haya yana uzito wake kijijini na mtaani. Tanzania Bara, mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote waliofikisha miaka 18, na unapaswa kuitishwa angalau kila baada ya miezi mitatu. Anayeshindwa kueleweka leo atasubiri robo mwaka, na maji, barabara au mlango wa choo vitasubiri pamoja naye.

Kama mkutano wenu ni Jumamosi hii, andika sentensi yako usiku wa leo, mwite mtu mmoja wa nyumbani, simama umwambie.