STENTI IMESHAWEKWA: KWA NINI TURUDI KUPIGWA PICHA?

Mwezi huu tujifunze habari za aota, yaani mshipa mkuu unaotoa damu moyoni na kuipeleka mwilini. Watoto wengine huzaliwa mshipa huo ukiwa mwembamba mahali pamoja, mara nyingi karibu na tawi la mkono wa kushoto. Presha hupanda mikononi na kichwani, huku miguuni damu ikifika kwa shida. Ndiyo maana wakati mwingine tunamkuta kijana wa miaka 20 ana presha ya mzee.

Zamani tiba ilikuwa kupasua kifua. Siku hizi wagonjwa wengi hupitishiwa mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja, kisha mahali penye wembamba hutanuliwa na kuwekwa stenti, yaani kibomba cha wavu wa chuma. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, hutibu moyo na mishipa kwa njia hiyo ya mrija.

"Mbona amepona?"

Tunawasikia ndugu wakisema: "Anapanda mlima bila kuhema. Nauli ya nini tena?" Swali hilo ni la haki. Kutoka Munanila hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,000, tena mgonjwa huhitaji msindikizaji. Lakini yako mambo matatu yanayoweza kutokea bila maumivu yoyote:

1. Ukuta wa mshipa kudhoofika na kuvimba, kama mpira wa baiskeli unavyotoa uvimbe kabla ya kupasuka.
2. Waya za stenti kukatika.
3. Mshipa kuwa mwembamba tena. Mtoto hukua, lakini stenti haikui naye. Huenda ikahitaji kutanuliwa upya.

Vipimo gani?

Kwanza ni presha ya mkono wa kulia na ya mguu. Ya mkono ikizidi ya mguu kwa 20 au zaidi, tunashuku wembamba umerudi. Kipimo hiki chaweza kufanyika hapa hapa kwetu. Kipimo cha eko huonyesha moyo na mwendo wa damu. Eksirei ya kifua yaweza kuonyesha waya zilizokatika. Lakini uvimbe huonekana vizuri zaidi kwa picha ya CT, kwa sababu chuma cha stenti huharibu picha ya MRI mahali pale pale tunapotaka kupaona.

Lini?

Tarehe ya kwanza hupangwa na daktari aliyeweka stenti. Baadaye, mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa mwaka 2020 unashauri mgonjwa aonwe walau kila miaka 2, na picha za aota kwa kawaida zirudiwe kila miaka 3 hadi 5, maisha yote.

Tuzingatie haya:

- Tutunze karatasi na picha za zamani, maana daktari hulinganisha.
- Tusiache dawa za presha kwa sababu tu tunajisikia vizuri.
- Mama amwone daktari wa moyo kabla ya kubeba mimba. Akiwa tayari mjamzito, aseme kabla ya kupigwa picha.
- Maumivu makali ya ghafla kifuani au mgongoni, kuzimia, au kukohoa damu: twende hospitali saa ile ile.

Basi tuanze kuweka akiba ya nauli mapema, kidogo kidogo kila mavuno. Uvimbe ukionekana mapema, hutibika. Mshipa ukipasuka, mara nyingi hakuna muda wa kusafiri.