Nani Alihesabu? Mafunzo Niliyopata Nikiingia Kazi ya Uchambuzi wa Data Nairobi

Kijana anayetaka kuwa mchambuzi wa data jijini Nairobi huuliza kwanza asome programu gani. Jibu lake ni fupi na nitalitoa mbele. Lakini swali ambalo hunilisha hadi leo ni jingine: nambari hii niliyoletewa, nani aliihesabu, alihesabu nini, na nani hakuingia katika hesabu? Haya niliyoyaandika hapa nimeyaokota kazini, katikati ya jiji, Ngong Road na Waiyaki Way, na karibu yote yanarudi kwenye swali hilo.

1. Jedwali la sensa lisome pamoja na usiku wake

Sensa ya 2019 ilikuwa ya kwanza nchini Kenya kufanywa bila makaratasi. Makarani walibeba vishikwambi. Matokeo yake, watu 47,564,296 nchi nzima na 4,397,073 Nairobi, yanapatikana bure kutoka kwa Shirika la Taifa la Takwimu (KNBS). Anayeanza kazi hii hana shule nzuri kuliko vitabu vya matokeo hayo, mradi asome na kurasa za mwanzo zinazoeleza hesabu ilifanywaje. Wengi huziruka.

Humo utakuta kwamba mtu alihesabiwa pale alipolala usiku wa kuamkia 25 Agosti. Fikiria maana yake kwa jiji hili. Kaunti ndogo ya Starehe, yenye katikati ya jiji ndani yake, ina watu 210,423. Dagoretti ina 434,208. Mtu akitaka kufungua mkahawa wa chakula cha mchana, nawe umshauri kwa nambari hizo peke yake, utamwondoa Tom Mboya Street na kumpeleka Dagoretti, kwa kuwa huko kuna watu mara mbili. Ilhali saa saba mchana maelfu ya hao wa Dagoretti wako mjini. Walipanda matatu ya 46 Kawangware alfajiri na watarudi jioni. Sensa haijakosea hata kidogo. Iliuliza habari za usiku, nawe unahitaji habari za mchana.

Kisha kuna Kibera. Kwa miaka mingi magazeti na mashirika yaliandika kwamba Kibera ina watu milioni moja, na wengine wakapandisha zaidi. Sensa ya 2009 ilikuta 170,070. Mwaka 2019 kaunti ndogo nzima ya Kibra, yenye Kibera ndani yake, ilikuwa na watu 185,777. Wapo wanaosema makarani waliruka nyumba, na ni haki yao kuuliza. Katika mtaa wa vyumba vya kupanga, vilivyobanana hivyo, karani anaweza kupitwa na mlango. Lakini pengo kati ya 170,070 na milioni moja haliwezi kujazwa na milango iliyopitwa. Ile milioni haikuwa na karani wala tarehe wala mipaka. Kila aliyeiandika aliitoa kwa mwenzake, na naamini ilidumu kwa sababu iliwafaa wengi.

Hata hesabu yenye karani na tarehe hujaribiwa. Mwaka 2010 waziri wa mipango, Wycliffe Oparanya, alifuta matokeo ya wilaya 8 za kaskazini katika sensa ya 2009, kwa kuwa ongezeko la watu lililoripotiwa halikulingana na vizazi na vifo. Njia aliyoitumia ndiyo ninayoitumia kila wiki ofisini: chukua nambari, itafutie nambari nyingine inayopaswa kukubaliana nayo, uone kama zinakubaliana.

2. Mwenye duka anajua yasiyo kwenye faili

Kazi ya kwanza niliyoionyesha waajiri ilitoka kwenye duka la vyakula vya mifugo huko Kangemi. Mama mwenye duka alikubali nichambue taarifa zake za M-Pesa ili ajue miezi ya kuagiza mzigo mkubwa. Kabla sijagusa chochote nilimwomba anisimulie jinsi pesa zinavyoingia.

"Mwanangu," akaniambia, "hizo za mwanzo usizihesabu zote. Kabla sijapata Lipa na M-Pesa, wateja walinitumia kwa laini yangu mwenyewe. Humo mna pesa za chama, na karo aliyokuwa akinitumia ndugu yangu."

Kisha akanionyesha daftari la madeni. Wafugaji wa Uthiru na Kabete huchukua magunia kwanza, hulipa wakishauza maziwa. Kwa hiyo siku ambayo simu inaonyesha pesa nyingi yaweza kuwa siku ya kulipwa madeni, na mauzo yenyewe yalifanyika wiki mbili nyuma. Akaongeza kwamba kuna siku alifunga kwa matanga, na siku nyingine mtandao ulipotea, wateja wakalipa taslimu. Siku hizo zote zinafanana kwenye faili: hakuna kitu. Lakini siku ya duka kufungwa ni sifuri ya kweli, na siku ya mtandao kupotea ina mauzo ambayo hayakuandikwa. Ukizitia zote sifuri, wastani wake wa mwezi utashuka bure, naye ataagiza magunia machache kuliko anayohitaji.

Saa mbili kwenye kigoda cha mama yule zilinifunza zaidi ya moduli kadhaa za kozi niliyokuwa nimeilipia. Tangu hapo, popote ninapoajiriwa, natafuta kwanza mtu anayejaza fomu. Mara nyingi ni karani wa mapokezi au dereva, na mara nyingi hakuna aliyewahi kumuuliza.

3. Kusafisha ndiyo kazi yenyewe

Nchi ina kaunti 47. Katika faili moja lililokusanywa na ofisi tofauti nimewahi kukuta majina zaidi ya 60. Murang'a ilikuwa na kibainishi cha namna mbili, tena ilikuwepo isiyo nacho. Homa Bay iliandikwa kwa maneno mawili na kwa neno moja. Taita Taveta ilikuwa na kistari, na mkwaju, na nafasi tupu. Kwa kompyuta kila moja ni kaunti yake, na ukijumlisha bila kuzirekebisha, Murang'a itaonekana ndogo mara tatu.

Nambari za simu nazo zina tabia zake. Excel huiona 0722 kama hesabu ya kawaida, huikata sifuri ya mbele, na mteja huyo ukimtafuta katika orodha nyingine iliyoandikwa kwa 254 humpati. Tarehe ni mbaya zaidi kwa sababu hukudanganya bila kelele: 03/04/2023 kwetu ni tarehe tatu Aprili, lakini kompyuta iliyopangwa Kimarekani huisoma kuwa tarehe nne Machi. Zile za 13 na kuendelea hukataa kusomeka, na hapo ndipo unapogundua. Zile za 1 hadi 12 hupita.

Hatari hii si ya wanaoanza tu. Mwaka 2020, katikati ya janga la korona, idara ya afya ya umma ya Uingereza iliacha karibu visa 16,000 nje ya hesabu zake za kila siku kwa sababu taarifa zilipitishwa kwenye aina ya zamani ya faili la Excel, ambayo haibebi zaidi ya mistari 65,536. Iliyozidi ilikatwa. Kwa hiyo nina desturi moja nisiyoiacha: nahesabu mistari kabla ya kufanya jambo lolote na naihesabu tena baada yake, na tofauti naiandika kwenye daftari pamoja na sababu yake.

4. Zana

Jifunze Excel vizuri, kisha SQL, kisha programu moja ya kuchora chati, kwa mpangilio huo. Python au R vitakuja. Ofisi nyingi za Westlands na Upper Hill huhifadhi data katika hifadhidata inayoongea SQL, na anayeweza kuunganisha majedwali mawili bila kuzaa mistari ya ziada tayari ana kazi ya kufanya. Kama huna kompyuta ya kwako, anza kwa saa chache za saiba na mazoezi ya bure. Usikope pesa za kozi ya mamia ya maelfu kabla hujajaribu kazi yenyewe kwa mikono yako na kuona kama unaipenda.

5. Wastani wa Westlands

Kaunti ndogo ya Westlands ina watu 308,854. Jimbo la Westlands limegawanywa katika wadi 5, na miongoni mwazo mna Kitisuru, yenye nyumba za bustani na mageti, na Kangemi, ambako familia hukaa chumba kimoja cha mabati. Ripoti inayosema "mkazi wa Westlands kwa wastani hutumia kiasi fulani" haimzungumzii yeyote kati ya hao wawili.

Tuseme nyumba 9 zinalipa kodi ya Sh6,000 na moja inalipa Sh150,000. Wastani ni Sh20,400, na hakuna hata mmoja anayelipa kiasi hicho. Mediani, yaani kodi ya aliye katikati ukiwapanga kwa foleni, ni Sh6,000. Nikiona ripoti inayotoa wastani bila mediani kuhusu pesa, katika jiji lililogawanyika kama hili, naomba faili lenyewe. Na nikiweza, navunja jedwali hadi kiwango cha chini kabisa ambacho data inaruhusu. Mipango ya maji, ya zahanati na ya basari hutolewa kwa nambari hizi, na mtoto wa Kangemi hapaswi kukosa kitu kwa sababu jirani yake wa Kitisuru amempandisha kwenye karatasi.

6. Ukarani wa nyanjani ni mlango, usiudharau

Wenzangu wengi waliosaga lami kutoka ghorofa moja hadi nyingine na bahasha za kaki walikuwa wakikataa kazi za kuhoji watu nyumba kwa nyumba, kwa kuona si za mwenye shahada. Mimi nazisifu. Mashirika ya utafiti yaliyojaa jijini huajiri makarani kwa mikataba mifupi, huwapa simu zenye hojaji za ODK au KoboToolbox, na kuwatuma Kawangware, Dagoretti na kwingineko. Huko unaona jinsi swali baya linavyozaa jibu baya. Ukimuuliza mtu "unapata pesa ngapi kwa mwezi?", na yeye hupata kwa siku, anakadiria tu ili akuridhishe. Ukimuuliza jana alipata ngapi, anakumbuka. Atakayechambua majibu hayo ofisini bila kuwahi kusimama mlangoni hawezi kujua lipi la kuaminiwa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni ramani ya matatu ya Nairobi iliyotolewa 2014 na mradi wa Digital Matatus. Hapakuwa na data ya njia za matatu iliyo wazi kwa kila mtu. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na watafiti wa MIT na Columbia na kampuni ya Groupshot, walipanda matatu wakiwa na simu, wakarekodi vituo na njia, wakapata njia zaidi ya 130. Hawakungoja mtu awape faili. Yeyote anayetafuta kazi ya kuonyesha anaweza kufanya kitu kidogo cha namna hiyo: bei za nyanya katika soko la Marikiti kila Jumamosi kwa miezi mitatu, zikiandikwa kwa uangalifu, zina thamani kuliko faili la abiria wa Titanic ambalo kila mwanafunzi duniani ameshalichambua.

7. Nyuma ya nambari ya simu kuna mtu

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu Novemba 2019, na Kamishna wake wa kwanza, Immaculate Kassait, aliapishwa mwaka uliofuata. Kiini cha sheria hiyo kinashikika: kusanya unachohitaji tu, kwa kusudi ulilomweleza mwenyewe, na usikigeuzie matumizi mengine. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna iliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu Sh2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu zilizopatikana kutoka kwa wengine, kisha kuwatumia jumbe na simu za vitisho. Orodha hizo hazijipangi zenyewe. Kuna mtu aliyeketi akazichuja na kuzituma, na mtu huyo alikuwa mwenye kazi kama yangu.

Kwa hiyo mama wa Kangemi nilimrudishia kila kitu. Kwenye kazi niliyowaonyesha waajiri hapakuwa na jina la mteja wala nambari, na jina la duka nililificha. Katika mahojiano mawili niliulizwa data hiyo nilipewaje, na jibu hilo lilinisaidia kuliko chati zenyewe.

8. Jaribio la saa mbili

Waajiri wengi hapa hawakuulizi sana kuhusu vyeti. Wanakupa faili, mara nyingi la mauzo ya matawi, na saa mbili. Ndani wamepanda mitego ile ile: mistari iliyojirudia, tarehe za namna mbili, tawi lisilo na data kwa miezi miwili. Wanaoshindwa hukimbilia kuchora. Jopo likiwauliza, "Mbona tawi hili limeshuka Juni?", hueleza sababu za kibiashara walizozibuni hapo hapo, kumbe tawi halikuleta taarifa.

Tumia dakika 40 za kwanza kulijua faili, na uandike ukurasa mmoja wa maneno ya kawaida: data imetoka wapi, umeondoa mistari mingapi na kwa nini, na swali gani faili hili haliwezi kulijibu. Ukurasa huo uuweke mbele, kabla ya chati ya kwanza.