Je, Mungu Anahitaji Damu Ndipo Asamehe?

Wasomi wenzangu, kila Kwaresima inapokaribia mwisho, vyuo vyetu hubadilika sura kidogo. Ukumbi ambao mchana ni wa mihadhara, usiku unakuwa wa mkesha. Na katika mikesha hiyo ujumbe ni ule ule: mwanadamu alitenda dhambi, Mungu ni mwenye haki, dhambi lazima iadhibiwe, Yesu akaadhibiwa badala yetu, sasa tuko huru. Wengi wetu tuliyapata hayo tangu shule ya Jumapili, tukayakariri kama jedwali la kuzidisha.

Makala hii inayachukua maneno hayo na kuyauliza maswali. Mimi ni Mkristo, na Ijumaa Kuu nitakuwa kanisani kama wengine, kwa hiyo asije mtu akasema natukana imani. Ila sisi tunaosomea ualimu tunafundishwa kwamba jambo lililokaririwa bila kuulizwa bado halijaeleweka. Basi tuulize, taratibu.

Deni limesamehewa au limelipwa?

Bumu wote tunalijua. Tuseme umemaliza chuo, Bodi ya Mikopo inakudai milioni nane. Mjomba wako anakwenda, analipa zote. Utamshukuru mjomba, tena sana. Lakini je, utasimama mbele za watu useme Bodi imekusamehe? Hapana. Bodi imepata chake mpaka shilingi ya mwisho. Kusamehe deni ni kuacha kudai. Kulipwa ni kupata ulichodai. Kwa deni lile lile, mawili hayo hayawezi kwenda pamoja.

Sasa hapa ndipo penye kazi. Fundisho tulilokariri linasema Mungu ametusamehe bure, halafu papo hapo linasema adhabu yote ililipwa msalabani. Kama ililipwa yote, kilichosamehewa ni nini?

Swali hili si la jana. Faustus Socinus, Mwitaliano, alilijenga katika kitabu chake cha mwaka 1594. Miaka karibu mia mbili baadaye, mwaka 1793, mwanafalsafa Immanuel Kant aliongeza jambo moja: deni la fedha mtu mwingine anaweza kukulipia, kwa sababu mdai hajali noti zimetoka mfuko wa nani. Lakini hatia si fedha. Hatia ni yako, imeshikamana na wewe, huwezi kumkabidhi mtu mwingine kama mzigo wa sokoni.

Na ukimsikiliza Yesu mwenyewe anapofundisha juu ya msamaha, hasemi habari ya mlipaji. Katika Mathayo 18 mfalme anamfutia mtumwa deni la kutisha, na hakuna aliyelipa hata senti. Katika Luka 15 baba anamkimbilia mwanawe kabla kijana hajamaliza hotuba yake ya kuomba radhi. Ndama anachinjwa, ndiyo, lakini anachinjwa kwa ajili ya sherehe. Hakuchinjwa ili hasira ya baba ishuke.

Viboko vya mwenzako

Kuna hadithi wahubiri wanaipenda. Darasa limeweka sheria: atakayeiba, viboko. Mtoto mmoja mdogo, mwenye njaa, anaiba chakula cha mwenzake. Mwalimu anashika fimbo, mtoto anavua shati, mbavu zinahesabika. Kijana mkubwa anasimama: "Mwalimu, nichape mimi." Anachapwa yeye, sheria imetimia, mtoto ameokoka. Ukumbi mzima unalia.

Na mimi naona kijana yule ni wa kuheshimiwa. Lakini hebu iangalie hadithi hii kwa jicho la mwalimu. Yule mtoto bado ana njaa. Kesho ataiba tena, au atalala njaa akiwa na hatia mpya moyoni. Aliyeibiwa chakula hajarudishiwa. Na mwalimu je? Ameridhika kumchapa mtu anayemjua kabisa kuwa hana kosa, mradi hesabu ya viboko itimie. Kwake kosa limekuwa idadi ya viboko, na mgongo wa nani si hoja. Ukienda mazoezi ya kufundisha ukafanya hivyo, msimamizi wako atakuandikia nini?

Kanuni za Adhabu ya Viboko za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa kosa kubwa, chini ya mamlaka ya mkuu wa shule. Kanuni hizo zina wapinzani wengi, nami ni mmoja wao. Lakini hata zenyewe hazina kifungu cha mwanafunzi kuchapwa kwa niaba ya mwenzake. Sasa iweje haki ya Mungu iwe chini kuliko kanuni za Wizara?

Biblia yenyewe inalijua tatizo hili. Ezekieli 18 ni sura nzima inayokataa mwana kubeba uovu wa baba, au baba kubeba wa mwana. Na ukikaa chumba kimoja na Mwislamu, atakukumbusha kwamba Qurani nayo, katika Surat al-An'am aya ya 164, inafundisha kuwa hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Hapo mnaweza kuongea hadi usiku wa manane bila kugombana.

Fundisho hili lina umri

Wengi tunadhani hivi ndivyo Wakristo walivyoamini siku zote. Sivyo. Imani ya Nikea, iliyoanza kuundwa mwaka 325 na kukamilishwa mwaka 381, inakiri kwamba Kristo alisulubiwa kwa ajili yetu zama za Pontio Pilato. Jinsi kifo hicho kinavyookoa, haielezi. Makanisa ya kale yaliacha mlango huo wazi.

Karne za mwanzo maelezo yaliyopendwa yalikuwa ya fidia, neno linalotokana na Marko 10:45. Mwanadamu ni mateka, Kristo anamkomboa. Sisi wa pwani hii tunaielewa picha hiyo kwa uchungu. Bagamoyo, kuanzia mwaka 1868, mapadre wa Roho Mtakatifu walinunua watumwa ili wawaache huru. Lakini pale Bagamoyo tunajua fedha alipewa nani: muuzaji. Katika wokovu, aliyelipwa ni nani? Origen alijibu: shetani. Gregori wa Nyssa akasema shetani alinaswa kama samaki, mwili wa Yesu ukiwa chambo na uungu wake ndoana. Rafiki yake, Gregori wa Nazianzo, akakasirika: shetani hawezi kulipwa, ni jambazi, na Baba naye hawezi kulipwa, kwa kuwa siye aliyetushika mateka.

Ndipo akaja Anselm, Askofu Mkuu wa Canterbury, na kitabu alichokimaliza mwaka 1098. Aliishi katika dunia ya mabwana na watwana, ambako ukimkosea bwana umeivunja heshima yake, na heshima hiyo lazima irudishwe. Akamwona Mungu kama bwana mkuu kuliko wote. Karne ya 16 akaja Calvin, ambaye alisomea sheria kabla ya kuwa mhubiri. Heshima ikawa sheria, fidia ikawa adhabu, na mbingu zikafanana na mahakama. Hapo ndipo mahubiri yetu ya mkesha yalipozaliwa. Kumbe tunachokiita "Injili yenyewe" kimevaa kanzu ya bwana wa Ulaya na joho la mwanasheria.

Wala Anselm hakukosa wapinzani. Peter Abelard, aliyefariki mwaka 1142, aliona ni ukatili kudai damu ya asiye na hatia. Kwake msalaba unatuokoa kwa kuwa unatuonyesha upendo, na upendo huo unatubadilisha sisi. Haumbadilishi Mungu, maana Mungu hakuwa na haja ya kubadilishwa.

Na zile dhabihu za Agano la Kale?

Mtu atasema: bila damu hakuna ondoleo, iko katika Waebrania 9. Ipo. Lakini fungua pia Walawi 5:11 hadi 13. Maskini asiyemudu hata njiwa wawili aliruhusiwa kuleta unga, sehemu ya kumi ya efa, na akasamehewa. Unga hauna damu. Hosea 6 na Mika 6 zinakwenda mbali zaidi: Mungu anataka rehema na haki kuliko sadaka za kuteketezwa.

Na Isaya 53? Sikwepi. Mstari wa 10 unasema kwamba BWANA aliridhika kumchubua mtumishi wake, na ni mstari mgumu. Ila soma pia mstari wa 4, ambapo wasemaji wanakiri kwamba wao ndio waliomdhania amepigwa na Mungu. Sura hiyo yenyewe inabishana na swali letu. Mwenye kutumia mstari mmoja kufunga mjadala hajaisoma yote.

Hata desturi zetu zinajua msamaha usio na malipo ya maumivu. Uchagani, aliyekosa akimpelekea mwenzake jani la isale, ni vigumu sana kwa aliyekosewa kukataa. Jani halilipi chochote. Linasema: nimekosa, naomba turudiane.

Hoja nzito ya upande wa pili

Tusiwaonee wanaolitetea fundisho. John Stott, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya msalaba, anajibu hivi: msimchore Mungu kama hakimu anayemwadhibu mtu wa tatu, aliyeteseka ni Mungu mwenyewe ndani ya Kristo, amebeba gharama yeye. Hoja hii ina uzito, na inaondoa ule ukatili wa mwalimu wa hadithini.

Nami nakubali nusu. Kweli, kusamehe kuna gharama. Nikikusamehe elfu hamsini, hasara naibeba mimi. Lakini baada ya kukusamehe sitoi elfu hamsini nyingine mfukoni mwangu nikazichoma moto ili hesabu ikae sawa. Kubeba hasara ndio msamaha wenyewe. Kujiadhibu juu yake ni jambo lingine, na bado sijaona kwa nini Mungu alilihitaji.

Kwa nini tusumbuke na haya?

Kwa sababu fundisho haliishii ukumbini, linarudi na watu majumbani. Kama mateso ya asiye na hatia ndiyo yaliyookoa ulimwengu, basi mateso yenyewe yanakuwa kitu kitakatifu. Ndipo mke anayepigwa anaambiwa abebe msalaba wake. Dada wa kazi asiyelipwa mshahara anaambiwa thawabu iko mbinguni. Binti wa mwaka wa kwanza anayesumbuliwa anaambiwa avumilie, amsamehe, asichafue jina la mtu. Mvumilivu hula mbivu, wanasema. Wengine wamezikwa kabla hazijaiva.

Mwaka 1989 wanatheolojia wawili wa Marekani, Joanne Carlson Brown na Rebecca Parker, waliuliza waziwazi kama sura ya Baba anayetaka mateso ya Mwana haiwafundishi watu kuvumilia ukatili. Mwaka 1993 Delores Williams, akiandika kutoka historia ya wanawake weusi wa Marekani, alikumbusha kwamba mama zake walilazimishwa kubeba ya wengine tangu utumwani: kunyonyesha watoto wa mabwana, kulima mashamba yao. Kumwambia mwanamke huyo kwamba wokovu ni mtu kuteswa mahali pa mwingine ni kuubariki utumwa wake. Williams alisema Yesu anaokoa kwa maisha yake: kuponya, kulisha, kuinua.

Basi msalaba una maana gani?

Turudi kwenye historia. Msalaba ulikuwa adhabu ya Kirumi kwa waasi na watumwa. Yesu hakuanguka juu yake kutoka mbinguni. Aliuawa na dola kwa sababu ya aliyoyasema na watu aliokaa nao. Mahubiri ya Petro katika Matendo 2 na 3 yako wazi juu ya nani alifanya nini: watu walimwua, Mungu akamfufua. Kazi ya Mungu katika habari ile ni kufufua.

Nenda Mkunazini, Unguja. Kanisa kuu la Kianglikana pale lilianza kujengwa mwaka 1873 kwenye eneo la soko la watumwa, na inasemekana altare imewekwa mahali uliposimama mti wa kuchapia watu. Mateso ya waliofungwa pale hayakumkomboa mtu. Yaliumiza tu. Kilichosaidia ni soko kufungwa, kwa mkataba uliotiwa saini na Sultani Barghash mwaka huo huo wa 1873, na hata hapo utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Zanzibar hadi mwaka 1897. Nikiuona msalaba mahali kama pale, naelewa kwamba Mungu alikuwa upande wa aliyefungwa kwenye mti. Sioni kabisa kwamba alikuwa upande wa mjeledi.

Hiyo ndiyo imani ninayoweza kuisimamia darasani, mbele ya watoto. Wewe unaweza kuwa na nyingine. Tuijadili.

Maswali ya kujadiliana

1. Je, unaweza kutaja tukio moja katika Injili ambapo Yesu alimsamehe mtu kwa sharti la malipo?

2. Mama anayepigwa akikuuliza maana ya kubeba msalaba, utamjibu nini, na jibu lako litamwacha salama au hatarini?

3. Ukiwa mwalimu, kosa limetendeka darasani: ni nini kitakachokuonyesha kwamba haki imetendeka, mbali na mtu kuumia?