Najisi ya Mbwa si Ruhusa ya Kumdhulumu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila kitambaacho juu ya ardhi na akakijaalia riziki yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Katika miji yetu ya pwani, mtoto amuonapo mbwa njiani huokota jiwe. Ukimkataza hukujibu: "Ni najisi huyo!" Na mzee wake akiwa karibu hunyamaza, kana kwamba mwanawe ametoa hoja ya dini. Na jirani yetu afugaye mbwa akampenda, humcheka na kumtilia shaka hata imani yake. Basi kwa kuwa watu wameitaja dini, yatupasa tuiulize dini hiyo hiyo.

Kwanza ni hukumu ya tohara. Sisi tufuatao madhehebu ya Imam Shafii twashika kwamba mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja katika hizo kwa udongo. Wafuasi wa Imam Abu Hanifa waona kwamba najisi ni mate yake, si manyoya yake. Nao wafuasi wa Imam Malik wasema yu tohara maadamu yu hai, na kule kuosha chombo ni ibada iliyoamriwa tu. Hatuyasemi haya ili mtu aache madhehebu yake. Twayasema ajue kwamba hitilafu yote hii ni juu ya maji na udongo. Hapana imamu hata mmoja aliyefundisha kwamba kilicho najisi hupigwa mawe. Damu yako nayo ni najisi itokapo, wala huuchukii mwili wako kwa ajili hiyo.

Pili ni ruhusa ya kumfuga. Mtume (S.A.W.) amemuonya afugaye mbwa pasipo haja kwamba thawabu zake hupungua kila siku, lakini amewatoa katika onyo hilo mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa shamba. Wengi katika wanavyuoni wetu, akiwamo Imam Nawawi, wamekiasia humo kulinda nyumba. Na katika Sura ya Al-Maida, aya ya 4, tumehalalishiwa mawindo tuletewayo na wanyama tuliowafundisha kuwinda, na mbwa ni wa mbele katika hao. Basi chakula cha halali chaweza kutufikia kinywani mwa mbwa!

Tatu, zingatieni Sura ya Al-Kahf. Vijana wale waliokimbia na imani yao walilala pangoni miaka mingi, na mbwa wao kizingitini, amenyoosha miguu yake ya mbele. Na watu waliposhindana juu ya idadi yao, kila kauli ilimtaja mbwa pamoja nao. Lau angekuwa hana thamani, asingalitajwa katika Kitabu kisomwacho kila Ijumaa.

Wazee wetu katika elimu waliyajua haya. Ibn al-Marzuban wa Baghdad, aliyefariki mwaka 309 wa Hijra, sawa na mwaka 921, alitunga kitabu kizima juu ya ubora wa mbwa kuliko wengi katika wavaao nguo. Humo amenakili kwa Abu Ubayda kisa cha mtu wa Basra aliyetoka mjini pamoja na ndugu yake na jirani yake, na mbwa wake akamfuata. Alimfukuza na kumpiga jiwe, asirudi. Mara wakatokea maadui. Ndugu akakimbia, jirani akakimbia. Mtu yule akajeruhiwa, akatupwa kisimani na kufukiwa mchanga. Mbwa akaja akafukua kwa makucha yake mpaka kichwa cha bwana wake kikaonekana, nacho kingali kina roho, hata wapita njia wakamtoa. Aliyepigwa jiwe ndiye aliyebaki.

Wala hayo si ya zamani tu. Katika mji wa Tokyo, mbwa aitwaye Hachiko alizoea kumlaki bwana wake, mwalimu wa chuo kikuu, kwenye stesheni ya Shibuya. Mwalimu akafa kazini ghafula mwaka 1925. Mbwa akaendelea kuja stesheni karibu miaka kumi, mpaka naye akafa mwezi wa Machi 1935. Walikuwapo watu waliomlisha katika kungoja huko, lakini hakuacha kumngoja bwana wake. Alingoja ahadi tu.

Mnyama huyu akimpenda mtu hamuulizi ana mali gani. Basi mtu naye akimpenda, tusimcheke. Lakini mapenzi yana mipaka na yana haki. Mipaka yake ni kumtengea mahali pake, mbali na vyombo na mahali pa kuswalia, na kuosha kama tulivyofundishwa. Na haki zake ni chakula, maji, kivuli, na kuchanjwa asipate kichaa kitakachomuua yeye na wana wa majirani. Wako watu wamtakao mbwa awalinde usiku kucha, kisha mchana humfunga juani na njaa. Hao na wakumbuke yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila ya chakula. Na wakumbuke yule kahaba wa Bani Israil aliyemtekea maji kwa kiatu chake mbwa aliyekuwa akifa kwa kiu, akasamehewa madhambi yake. Mbwa yule alikuwa najisi kama huyu wa mtaani kwetu, na kiatu huoshwa.

Enyi wazee, mwambieni mtoto aliyeshika jiwe: hilo la kunawa mikono ni dini, na hilo la kutupa jiwe si dini.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atutie huruma nyoyoni, na atujaalie kutimiza ahadi zetu kwa wenzetu. Amin.