Kampuni Nyuma ya Wadachi: Usomaji Mwingine wa Utenzi wa Hemedi

Makala haya yanahusu neno moja katika anwani ya utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Neno lenyewe ni Wadachi. Aghalabu wanafunzi wa fasihi hulichukua kwa maana ya serikali ya Ujerumani. Kwa maoni yangu, usomaji huo unamwacha nje mhusika mkuu. Aliyezusha vita hivyo ni kampuni ya biashara, Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft, iliyokuwa na wenye hisa wake Ulaya.

Itakumbukwa kwamba mwishoni mwa 1884 Carl Peters alizunguka Usagara na nchi jirani akikusanya mikataba. Februari 1885 serikali ya Berlin ikampa hati ya ulinzi. Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Unguja akaikabidhi kampuni usimamizi wa Mrima, pamoja na forodha zake, kwa miaka 50. (Mwaka uo huo, upande wetu wa mpaka, kampuni ya Waingereza ya William Mackinnon ilipewa hati ya kifalme, nayo ikatawala kutoka Mombasa hadi 1895.)

Mambo yaliharibika Pangani mnamo Agosti 1888. Wakala wa kampuni, Emil von Zelewski, alishikilia kwamba bendera ya kampuni ipandishwe. Wenye mashamba nao wakatakiwa wathibitishe umiliki wao mbele ya wafanyabiashara waliofika jana. Tuzingatie uzito wa jambo hili: ushuru, ardhi na bendera, alama zote tatu za dola, zilikuwa mikononi mwa watu waliotafuta faida. Ndipo Abushiri bin Salim, na Bwana Heri wa Saadani, walipoongoza upinzani. Kampuni ikashindwa. Serikali ilimtuma Hermann Wissmann mwaka 1889 kuja kuiokoa, na Desemba mwaka huo Abushiri akanyongwa papo hapo Pangani.

Januari 1891 serikali ilichukua utawala. Kampuni haikuondoka mikono mitupu: ilitengewa marka 600,000 kila mwaka, nazo zilitoka katika forodha zile zile za Mrima. Waliopigwa ndio waliolipa fidia ya aliyewapiga!

Fauka ya hayo, mwaka 1893 mtaalamu wa kampuni, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62 tu, na kutokana nayo yakachipuka mashamba yaliyodumu kuliko hati yoyote ya Peters. Msomaji wa Nairobi asikiapo manamba humwaza mpiga debe wa matatu. Katika mashamba ya mkonge manamba alikuwa kibarua wa mkataba aliyetolewa mbali bara, akaandikwa daftarini na kutambuliwa kwa namba yake.